Mizani ya Borkhedi

Mama alijua kuuvuna uzito gizani.
Juma la mavuno ya kwanza, sisi tukishalala,
aliitandaza pamba uani
akaiachia mbingu kazi iliyobaki.
Alfajiri pamba imeshiba umande,
kila gunia limenenepa kilo moja, moja u nusu,
na miguu ya mama mibichi
kama ya mtu aliyevuka mto.

Haukuwa wizi. Ilikuwa lugha.
Zumbarlal, mnunuzi, alikuwa na lugha yake:
anazamisha mkono guniani hadi kiwiko,
anafumba macho kama mkunga,
anachomoa konzi, analiminya.
"Umande," anasema,
na karani wake anakata kilo mbili.
Mama anainamisha uso. Yeye anakohoa.
Deni la mbegu, deni la mbolea, deni la dawa ya funza
yanaingia mwaka mwingine taratibu,
kama ng'ombe wanaoijua njia ya zizini.

Mimi nilikuwa mshika daftari.
Miaka kumi na mmoja, darasa la tano, mwandiko unaosomeka.
Kushoto yaliyotoka, kulia yaliyoingia.
Kushoto palijaa mapema.
Hata baba nilimwandika kushoto:
miezi sita kukata miwa ya watu wilaya ya mbali,
malipo kachukua mbele,
tumeshayala.
Kulia niliandika mbaazi za kati ya mistari,
maziwa ya mbuzi,
na siku mama alizochuma mashamba ya wengine,
vidole vikichanwa na maganda makavu ya vitumba
hata akashindwa kuukanda unga wa mtama
bila kuuma midomo.

Kisha ukaja mwaka ule
ambao hakuamka usiku.
Sijui kilichombadilisha.
Labda mgongo. Labda alichoka tu kutembea juu ya majani baridi.
Pamba aliianika darini siku tatu,
akiigeuza kwa viganja, akitoa vipande vya majani
kimoja kimoja, kama anayemtoa mtoto chawa,
mpaka ukiishika inakuponyoka, inataka kuruka.

Sokoni magari ya ng'ombe yalipanga foleni tangu usiku.
Zamu yetu ikafika saa nne, jua kali.
Zumbarlal akazamisha mkono.
Akafumba macho.
Akayafumbua.
Akatoa konzi, akaliminya, akaliachia:
likafumuka lote, jeupe, kama halikuwahi kuguswa.
Aliniangalia mimi, sijui kwa nini.
"Umande," akasema.
Karani akaandika mbili.

"Umande upi?"
Sikuwahi kumsikia mama akiuliza swali sokoni.
"Umande wa kila mwaka, Shevanta."
Wala hakuwa mkali. Alisema
kama mtu anayekukumbusha jina la babu yako.

Mama aliutazama ule mkono wa chuma wa mizani,
ambao ulikuwa umetulia, hauna habari.
Nilidhani atalia. Nilidhani tutaondoka.
"Basi nirudishie konzi."
"Konzi gani?"
"Hilo ulilolishika. Hujalipima."

Waendesha magari wakacheka.
Zumbarlal naye akacheka,
kisha akaacha, maana kiganja cha mama
kilikuwa bado kiko wazi mbele yake,
na foleni ilikuwa ndefu,
na ng'ombe wa nyuma yetu alikuwa anakojoa
kojo refu lisilo na adabu.
Akampa.
Mama akalifunga kwenye pindo la sari
fundo mbili, kama pesa.

Usiku wa Diwali tulikopa mafuta dukani.
Mama akaketi kizingitini, akavuta pamba ile,
akaisokota pajani kwa majivu na mate,
utambi baada ya utambi.
Vibakuli vya udongo vikawaka ukutani,
kwenye hori la ng'ombe, kisimani,
na kimoja, kwa ukaidi, juu ya gunia tupu la mbolea
hadi nilipokiondoa kisituunguze.

Nikalifungua daftari.
Kushoto: mafuta, nusu lita.
Kulia nilifikiri kidogo,
nikaandika kwa mwandiko wangu ule unaosomeka:
tambi, kumi na nne.
Kavu.