Misumari Mitatu

Kitunguu hakimsubiri mtu wa mkono mmoja.
Kinaruka kutoka ubaoni, kinajificha uvunguni,
nami nakifuata kwa makalio, polepole,
kama askari jela aliyezeeka kuliko mfungwa wake.
Mara ya kwanza nilikiacha huko huko.
Masika alikikuta akifagia. Hakusema kitu.
Alikiweka mezani, karibu na dawa.

Mimi ni fundi wa chukudu.
Miaka thelathini na mmoja hapa Majengo:
mkaratusi, randa, patasi,
na mpira wa matairi makuukuu wa kuvisha magurudumu
yasipige kelele sana juu ya mawe ya volkano.
Kulazimisha kitu kikae, hiyo kazi naijua.
Kiharusi kilichukua mkono wa kulia na mguu wake.
Kazi hakikuichukua, nilisahau tu nilikoiweka.

Nikamwita Muhindo wa jirani,
mikono miwili, masikio hayana haraka.
Nikamwambia: gonga hapa. Na hapa. Na hapa, we mtoto, hapa!
Misumari mitatu, ncha juu,
kwenye kipande kilichobaki cha chukudu yangu ya mwisho,
ile isiyo na usukani mpaka leo.
Chini ya ubao, mpira wa tairi, usiteleze.

Kitunguu kilipochomwa mgongo kikatulia.
Nikakikata kwa mkono wa kushoto, vipande vinene vya aibu.
Nililia. Semeni ni kitunguu.

Siku hiyo nilipika hivi:
sambaza kavu, konzi moja,
zilikuwa majini tangu Masika alipotoka kwenda soko la Virunga.
Nyanya mbili, zikapasuliwa na misumari ile ile.
Mawese kifuniko kimoja cha chupa,
maana bidoni nikiiinamisha haijui kuacha.
Lenga-lenga nilizikata kwa vidole, kushoto na meno.
Viazi vitamu simenyi. Nachemsha na nguo zao,
vikiiva vinavua vyenyewe.
Mbabula naiweka upande wa mguu unaosikia.
Ule mwingine uliungua mwezi wa nne
na nilijua kwa harufu.

Mama Kasoki akachungulia uani.
“Pole, baba. Mke hayupo?”
“Yuko sokoni.”
“Na nani anapika?”
Sufuria ikajibu yenyewe, ikafurika kidogo.

Masika akarudi giza limeingia, beseni kichwani, umeme hakuna.
Akala. Nikasikiliza anavyotafuna.
Miezi minane watu wote wananisifu:
nikinywa maji, hongera, nikifunga kifungo, Mungu mkubwa,
mchungaji alinipigia makofi kwa kukohoa vizuri.
Masika akalamba kidole, akasema:
“Chumvi imezidi.”

Chumvi imezidi!
Sijawahi kusikia neno tamu namna hiyo.
Nikabisha. Tukagombana juu ya chumvi
mpaka mshumaa ukabaki kama ukucha,
mtu na mke wake, nyumbani kwao.

Fufu bado.
Fufu inataka mkono wa kusonga na wa kushika,
na sufuria haina huruma, inazunguka na mwiko.
Kwa hiyo nimechonga panda ya mkaratusi,
naibana kwenye sikio la sufuria, naikandamiza kwa goti zima,
naye anasonga.
Hatuongei. Panda inaniletea habari mpaka kwenye mfupa:
akisonga kwa vishindo, sambaza hazikununuliwa,
akisonga kwa kuzunguka, kuna mteja amelipa deni.
Jana alisimama katikati, mwiko ndani ya unga mzito,
akakaa hivyo muda mrefu.
Sikuuliza.
Nilishika tu.