Pimamaji

Mwezi wa nne, saa nane usiku,
maji yaliingia jikoni bila hodi.
Yakaelea na kandambili za Adero, gunia la makaa,
na sanduku la viatu nilimohifadhi risiti za saruji
kwa sababu nisiyoikumbuka.

Uwanja huu niliusakafia mwenyewe.
Nilikuwa nimechoka na matope ya Utawala,
ule udongo mweusi unaowavua watu viatu,
unaonata kisiginoni hadi ofisini
ukawaambie wenzio unalala ng'ambo ya lami.
Nikamwaga zege, ukuta hadi ukuta.
Hakuna jani. Hakuna tundu la panya.
Majirani wakaja kutazama,
nami nikajiona nimestaarabika.

Udongo haukusema kitu.
Masika ulivimba chini kwa chini,
kiangazi ukasinyaa, ukavimba tena.
Wahenga walitaja ufa kwanza, ukuta baadaye;
mimi nilianza na ukuta, ufa ukafuata,
kutoka pembe ya tangi hadi dirisha la bafu,
upana wa kumeza sarafu ya shilingi kumi.

Fundi Ndolo alikuja Jumatatu bila jembe.
Alikuja na mpira mwembamba unaopenya mwanga,
akaujaza maji, akanipa ncha moja niishike ukutani.
"Usiniambie maji yanatoka wapi," alisema.
"Kila mtu anajua yanatoka juu.
Niambie ulitaka yaende wapi."

Nilifungua kinywa.
Miaka sita katika nyumba hii
na sijawahi kuyataka yaende popote.
Nilitaka tu yasiwe yangu.

Maji ndani ya mpira yalitikisika, yakatulia.
Akachora penseli kwake, nikachora kwangu.
Tofauti ni vidole vinne, kuelekea jikoni.
Vidole vinne!
Nilikopa chamani nikalipia uwanja
unaoiinamia nyumba yangu kwa adabu
kama binti anayenawisha wageni mikono.

Tukapasua. Sururu ililia siku tatu.
Chini ya zege tulikuta kijiko cha chai kimesimama wima
na mzizi wa mgunga niliouua,
bado una unyevu.

Mtaro ulifika goti na nusu.
Kitambaa, kokoto, bomba lenye matundu,
kokoto tena. Ndolo alizipanga kwa kiganja
kama anayetandikia mgonjwa.

Ikabaki pa kutokea.
Njia ilikuwa moja tu, kwa Nafula, huko chini,
ambaye hatujasalimiana tangu kesi ya jogoo.
Nilikwenda na kilo mbili za sukari,
nikasimama getini kuomba ruhusa
ya kumpelekea maji.
Alicheka mpaka akalishika geti.
"Kwani hujui? Yananijia tangu ulipojenga,
yanapenya chini ya ukuta wako.
Tofauti ni kwamba leo yamebisha hodi."
Akanionyesha pembe ya nduma zake,
akasema yaishie pale, taratibu,
na sukari niiache.

Jana imenyesha. Sikulala.
Nilitoka na tochi, na mwavuli uliovunjika mbavu mbili,
nikainama juu ya kokoto.
Hakuna kilichoonekana.
Yalikuwa yakienda chini, gizani,
kwa sauti ya mtu anayekunywa uji
asitake kuamsha watoto.

Ng'ambo ya ukuta tochi nyingine iliwaka.
Nafula, karatasi ya nailoni kichwani, miguu peku.
"Yamefika?"
"Yanafika," alisema. "Lakini yako ni machafu."

Ufa bado upo.
Ndolo anasema tusiuguse
hadi kiangazi kipite,
tuone ukuta utaamua nini.