Vinavyoweza Kugandishwa

Nilianza Machi, theluji bado imefika kiunoni mwa uzio.
Mimi fundi wa mabasi hapa Joensuu, si mpishi,
ila daftari la gereji lina mistari, na hesabu ni hesabu:
wageni arobaini, kila mmoja pai tatu,
mia na ishirini. Ongeza kumi za dada yangu Marjukka,
anayesema ameshiba huku mkono uko sahanini.

Kerttu anamaliza shule. Jumamosi ya kwanza ya Juni
atavaa kofia nyeupe, viatu vitajaa mlangoni,
na mimi, mzazi pekee katika jiko hili,
sitaki kukutwa na jasho na sufuria inayoungua.
Shughuli ni watu, na watu wana macho.

Basi: unga wa rai, maji, chumvi.
Kipande cha bomba kikanifaa kusukumia.
Uji wa mchele ukatokota hadi ukashika mwiko.
Pai za kwanza zilitoka kama soli.
Ya arobaini ilianza kufanana na za mama yangu, Impi,
aliyekuja, akabonyeza ukingo kwa kidole,
akasema, "Hm."
Kwetu hiyo ni sifa.

Nikazigandisha safu kwa safu, karatasi katikati,
nikaandika kila mfuko: JUNI.
Friza ikajaa. Nikaazima nusu ya friza ya jirani, Pentti,
nikasogeza samaki wake, nikamlipa kwa kumbadilishia breki.
Vitufe vya nyama. Mikate mitamu ya iliki.
Supu hapana, supu ni ya msiba.

Pembeni nikaandika visivyogandishwa:
matango, mayai ya kuchemsha, krimu.
Na keki ya mkate, ile ya samoni na shibiti,
hiyo hujengwa usiku wa kuamkia, ilale, ilowe,
ipambwe asubuhi. Ukiiwahisha inatoa maji.
Ukiichelewesha inabomoka kisuni.
Niliizungushia duara jekundu.

Matokeo yalitoka katikati ya Mei,
nikiwa chini ya basi la Ilomantsi.
Simu ikalia. Hakusema neno,
nilisikia tu friza ikinguruma nyuma yake,
nikajua amesimama jikoni.
"Hisabati," akasema. Kisha: "Baba, na zile pai?"

Swali gani hilo! Mtoto ameanguka
na anauliza habari za unga.
Nilijigonga kichwa kwenye chasi nikitafuta jibu,
sikulipata. Nikamwambia: toa sita, washa oveni,
nakuja.

Tulizila mezani bila kitambaa,
siagi na mayai tumeviponda kwa uma.
Mimi sikutaja hesabu. Yeye ndiye aliyehesabu:
"Zimebaki mia na ishirini na nne."
"Ona," nikasema, "unaweza."
Akacheka huku kamasi zinamtoka.

Majira yote ya joto tuliila sherehe kidogo kidogo.
Jumamosi pai nane. Pentti akirudi ziwani, nne.
Marjukka alipata kumi zake, akadai ameshiba.
Mfuko wa mwisho wa JUNI uliisha Septemba,
wiki ya mtihani wa kurudia.

Novemba nilipika tena, giza saa tisa alasiri,
matokeo bado. Sikuandika DESEMBA popote.
Mifuko niliiacha mitupu usoni.
Unga unangoja, nyama inangoja,
tarehe aandike mwenyewe.

Akaiandika. Kwa kalamu yangu ya gereji, herufi kubwa.

Leo ni usiku wa kuamkia.
Kofia imo ndani ya boksi juu ya friji, hataki niiguse.
Nakata kingo za mkate, napaka, napanga, nakandamiza.
Kerttu anakata shibiti, anapima kwa jicho,
anauliza kesho wageni ni wangapi.
Nampa daftari.
Anasoma ukurasa wa Machi, duara jekundu,
anapitisha kidole, anaacha alama ya krimu.
"Hm," anasema.