Pembeni, kwa Penseli

Mama Nyaketcho aliniletea madaftari saba
ndani ya mfuko wa saruji uliokung'utwa vizuri,
akayatua juu ya mashine ya kutolea nakala, akauliza bei.
"Ni kitabu cha kweli," akasema. "Cha marehemu.
Usiongeze chumvi. Aliyoitia yeye inatosha."

Nilichapa baada ya saa za kazi,
Tororo imekwisha kufunga, mwamba umezama gizani,
vumbi la kiwanda limetulia kati ya herufi.

Ochwo, askari magereza, Luzira, miaka thelathini na mmoja.
Aliandika Kiswahili cha kambini, maneno yamesimama wima
kama watu wanaosubiri kuhesabiwa:
"Nimefunga milango ya wenzangu tangu ujana.
Nilipostaafu nikanunua mlango mmoja wenye magurudumu."

Lilikuwa gari la mikate, la kampuni iliyofilisika Jinja.
Rafu za chini zikawa kitanda, za juu kabati,
ndoo ikaning'inia palipokuwa na mizani.
Jua la mchana likipiga, mabati yalitoa harufu ya hamira,
na watoto wa Kumi, wa Ngora, wa Katakwi
walikimbilia dirishani na sarafu mkononi.

Na pembeni, kwa penseli,
mwandiko mwingine, mdogo, ulioinamia kushoto:
"Si Katakwi. Ni Amuria."
"Hukununua. Tulinunua. Ng'ombe wangu wawili walikwenda."

Wino: Trafiki wa Lira alitusimamisha, akauliza mnabeba nini.
Nikamjibu, afande, tunabeba nyumba.
Akacheka, akatupisha.
Penseli: Hakucheka. Alichukua elfu ishirini.

Wino: Karuma tulilala siku tatu kwa hiari yetu,
tukisikiliza mto unavyojitupa.
Penseli: Giaboksi. Tuliuza jiko.

Wino: Kabale, baridi ya kukata mfupa,
mke wangu akaimba hadi alfajiri.
Penseli: Nilikuwa na homa.
Chini yake, hafifu, kama iliyoandikwa mwaka mwingine:
Labda niliimba.

Nilicheka peke yangu, mlinzi wa duka la jirani akanimulika tochi.

Daftari la tano, Kitgum. Hapo sikucheka.
Anasema huamka usiku wa manane,
hujaribu komeo mara tatu,
kisha huhesabu: mmoja, wawili, wote wapo.
Ndipo alale.
Pembeni hapana kitu.
Nikauinua ukurasa mbele ya balbu:
karatasi imekwaruzika, nyembamba kama ganda la kitunguu.
Kitu kiliandikwa pale, kikafutwa,
kikaandikwa tena, kikafutwa.

Nikampigia simu. Nichape upi, mama, wino au penseli?
Akanyamaza, nikasikia kuku wake.
"Chapa yote. Tuliishi wawili mle ndani.
Nafasi haikututosha, na hakuna aliyeshuka."

Daftari la saba linakatika Pakwach,
katikati ya sentensi, bila nukta:
"Kesho tutavuka daraja, na ng'ambo ya pili"

Penseli: Tulivuka. Niliendesha mimi.

Akaja Jumamosi kuchukua nakala mbili, jalada la buluu.
Alilipa nusu, akalalamika ukurasa wa arobaini umepinda,
na kweli ulikuwa umepinda.
Nje gari lilinguruma bila dereva;
hulizimi, alisema, stata imekufa.
Nikasimama kizingitini, pua yangu ikitafuta mkate,
ikapata dizeli.

Alipanda, akavuta mlango,
akalijaribu komeo, akalijaribu tena, na tena.
Midomo yake ilicheza.
Kelele za injini hazikuniacha nisikie
kama alihesabu mmoja au wawili.