Daftari la Vilivyotupwa

Walinipa beji mpya na funguo tatu:
wa stoo, wa droo ya fedha, wa mlango wa nyuma.
Mama akauliza kwenye simu, "Sasa utakuwa unakaa?"
Alidhani msimamizi ana kiti.
Mama, lugha yetu haidanganyi:
msimamizi ni mtu aliyesimama,
akasimamishwa mbele ya wengine
waliosimama.

Mkahawa wetu uko Ibri, ubavuni mwa kituo cha petroli,
yanapopumulia malori ya kwenda jangwani.
Saa nane za usiku lami bado ina homa ya mchana,
na ndani mafuta yanachekacheka
kama watu wanaomsengenya aliyetoka.
Dereva mmoja wa Kiomani, Kiswahili kakirithi kwa mama yake,
husoma beji yangu, Wakesho, akatania:
"Wewe wa kesho, mie nataka kuku wa leo."

Najua mambo ambayo sikuomba kuyajua.
Kuku akivaa unga vibaya, namjua kwa sauti anapozama.
Bishnu akinyamaza sana, kwao mvua imebomoa kitu.
Rowena huhesabu chenji kwa lugha yake,
kisha hugeukia Kiarabu baisa za mwisho, ili mteja aamini.
Na Shafikul, mgeni wa miezi miwili,
miaka ishirini na mitano kwa pasipoti,
kumi na tisa kwa shingo,
hali zamuni. Bado anamlipa wakala
aliyemwahidi kazi ya ofisi.

Sheria imebandikwa juu ya kabati la joto kwa lugha nne.
Kiswahili hakimo; nimejitafsiria mwenyewe:
kuku akitimiza dakika tisini bila mnunuzi
si chakula tena, ni hesabu.
Mimi ndiye humtoa, humhesabu, humwandika, humtupa,
kisha humwagia sabuni juu yake,
kwa kuwa Bwana Kurieni wa makao makuu
aliwahi kukuta mfupa uliogugunwa bwenini.

Kwetu Mwatate chakula kikilala huitwa kiporo,
na kiporo kina heshima yake, chai ya asubuhi humngoja.
Humngoja, nasema, kama mtu.
Hapa kiporo hakizaliwi.

Jana vilikuwa vipande kumi na vinne.
Paja, paja, bawa, kidari.
Nilihesabu kwa sauti, kamera ikitazama kisogo changu.
Shafikul alikuwa akipiga deki sakafu ileile
aliyoipiga deki punde tu,
dekio likizunguka viatu vyangu
kama paka.

Sikuwa shujaa. Niliwaza karo ya Mghoi,
mkataba unaokwisha Novemba,
barua mbili za onyo kwenye faili langu
(moja ni ya kukalia ndoo dakika sita).
Nikashika kalamu. Nikaandika: kumi na viwili.
Nikamimina sabuni juu ya kumi na viwili.
Kisha, kwa Kiarabu changu cha kuungaunga,
kwa ukali, wote wasikie:
"Wewe! Peleka maboksi nje.
Nisikuone kabla ya robo saa."
Boksi la juu lilikuwa na joto chini yake.

Hakushukuru, wala sikutaka.
Alirudi baada ya dakika kumi na saba.
Nikamwambia kachelewa dakika mbili,
maana alikuwa kachelewa.

Daftari hutaka saini mbili.
Rowena, ambaye hata mirija huihesabu mara mbili,
alitia yake akitazama dirishani,
kule anga ilikokuwa inaanza kuwa rangi ya maziwa.

Nikataka kusimama kidogo, nipumue.
Ndipo nikakumbuka
kwamba nilikuwa nimesimama.