Kigutu cha Saba

Tjaša hakutupa penseli.
Ikishafupika kuliko kidole gumba,
hata wembe ukaogopa kuimenya,
aliitia kwenye mkebe wa kahawa kando ya dirisha
ikae na wenzake:
vigutu vya kijani, vya manjano, vya damu ya mzee,
kimoja kina alama za meno ya mtoto
ambaye hatukuwahi kumjua.

Mimi nilikaa meza ya pili,
ofisi ile ya Kranj, juu ya duka la viatu.
Kila asubuhi, kabla hajasalimia mtu: kru, kru, kru,
na maganda ya mti yakadondoka sakafuni
yamejikunja kama sketi za wanasesere.
"Kompyuta haina harufu," alisema,
kama mtu anayetaja kasoro ya mchumba.

Februari akapanda ngazi Dolfe Pretnar, mfuga nyuki,
theluji inamyeyukia mabegani.
Akapanga mezani chupa tatu za asali ya msonobari,
nyeusi kama chai iliyosahaulika jikoni.
Lebo aliziandika mwenyewe.
"Nataka nembo," akasema.
"Sokoni wanadhani nauza gundi."

Tjaša akamchorea nyuki kumi na wanne.
Dolfe aliwakagua mmoja mmoja, miwani puani.
Huyu anacheka; nyuki hacheki.
Huyu ni nzi.
Huyu ana miguu minne, miwili ameiweka rehani wapi?
Huyu mzuri sana,
ila nimeshamwona kwenye sabuni.

Wiki ya tatu mkebe ukatoboka kwa kutu.
Vigutu saba vilivyokuwa chini kabisa, vya zamani zaidi,
Tjaša akavifunga kwa mpira,
akavisimamisha dirishani, akaenda kuchemsha maji.
Dolfe akabaki peke yake na lile fungu.
Akaliinamia. Akalitazama kwa juu.
Nikamwona anagusa kwa kidole kidogo, anahesabu,
pembe sita, pembe sita, pembe sita,
na katikati ya kila chumba, nukta nyeusi.
"Hawa," akauliza taratibu,
"nani aliwajengea?"

Birika likalia hadi likachoka.
Tjaša alikuwa ameshachukua kidau cha wino,
akalichovya fungu zima
akaligandamiza kwenye karatasi
kama karani wa forodha mwenye haraka ya kwenda nyumbani.
Sega.
Sega dogo, limepinda kidogo kushoto,
na pembeni kabisa, chumba kimoja cha mviringo.

Hicho kilikuwa kigutu cha bibi yake,
nusu nyekundu, nusu buluu, mhasibu wa kiwanda cha nguo,
aliyesahihisha kwa upande mmoja
na kusamehe kwa upande wa pili.
Penseli za aina ile hazikuwa na pembe.
Zilibingirika mezani; bibi alizidaka bila kutazama.

Mchapaji akapiga simu siku mbili kabla ya soko la Pasaka.
"Kuna kosa kwenye mchoro wenu. Kimoja ni duara.
Nikinyooshe?"
Tjaša akasita. Nilimwona akisita,
maana yeye ndiye aliyenifundisha kupima kila pengo.
Dolfe akamnyang'anya simu.
"Usikiguse! Malkia hazaliwi kwenye pembe sita.
Chumba chake huning'inia pembeni, cha mviringo.
Muulize yeyote mwenye mizinga."
Akakata.

Ankara Tjaša aliiandika kwa penseli;
mhasibu akamrudishia, akaiandika tena kwa penseli.
Nusu ya malipo ilikuja kwa chupa.

Sasa ninaiona nembo ile kwenye rafu, kwenye magari,
hata kwenye aproni ya mwokaji wa mtaa wa chini.
Watu husema nukta ni jicho, ni yai, ni nyuki aliyelala.
Mimi najua ni risasi ya penseli, basi.

Vigutu vimerudi mkebeni, mkebe mpya.
Kile cha saba hakijakauka vizuri mpaka leo:
ukikishika sana
kinakuachia duara kiganjani.