Saa Kumi na Mbili Kamili

Nani aliyepanga matembezi ya baridi yabisi
yaanze saa kumi na mbili asubuhi?
Mwenye magoti yake, hapana shaka.
Mtu wa kuamka na kusimama hapo hapo,
kama mlango uliotiwa mafuta jana.

Mimi safari niliianza saa tisa usiku, kitandani.
Kidole cha shahada kwanza, kisha cha kati,
kisha hiki ambacho pete yake
ilikatwa kwa msumeno na sonara.
Beseni la maji moto, mikono ndani.
Nikaingoja ifunguke
kama unavyomngoja mwenye duka aamke
nawe huna chumvi.

Naitwa Mwanamkuu, fundi cherehani,
miaka thelathini na tatu.
Miaka naitaja kabisa, kwa kuwa kila anionaye huiuliza,
kisha hunitazama
kama niliyemwibia bibi yake ugonjwa.

Na jina lenyewe, baridi!
Katika Tanga hii, ambayo mshumaa hulala chali mchana?
Mkwe alisema ni sakafu ya saruji.
Jirani alisema ni nyama ya ng'ombe.
Mwingine hakusema, alihamisha mkeka wake tu.
Daktari wa Bombo ndiye aliyenikalisha:
“Kinga yako, dada, imemkosea adui.
Inapiga nyumba yake yenyewe.”

Mji wetu wasifika: waja leo, waondoka leo.
Mgeni huyu hakukisoma kibao.
Huu mwaka wa sita, anakula na kulala.

Basi nikafika Tangamano saa moja kasorobo,
nimechelewa, naona haya,
fulana nimevishwa na Zaituni, mtoto wa dada,
mimi niliyewavisha maharusi wa nusu ya Ngamiani.
Nikawakuta wote wamekaa.
Mgeni rasmi hajafika.

Wageni rasmi nimewalaani mara ngapi maishani!
Leo huyu nilimwombea pancha.
Saa moja na nusu, magoti yakakubali.
Saa mbili na dakika kumi, vifundo.
Alipoteremka garini akaomba radhi,
tuliopiga makofi ni sisi wagonjwa,
makofi ya viganja visivyokutana vizuri,
sauti yake kama nguo mbichi kambani.

Bendi ya shule mbele, sisi nyuma.
Barabara ya Kwanza. Ya Pili.
Aliyeipa mitaa yetu namba badala ya majina
labda alijua iko siku mtu
ataihesabu kwa maumivu.
Bwana Kihiyo wa vipuri vya baiskeli
aliniahidi elfu tano kwa kila barabara nitakayoivuka,
akanitazama miguu, akaahidi kwa sauti kubwa.
Ya Tano nilimwona na daftari, anacheka.
Ya Saba alikuwa ameacha kucheka.
Ya Tisa niliivuka, nikasimama.
Si ushujaa wala si kushindwa,
kifundo cha kushoto kilisema basi.
Mbaruku akanipakia kwenye keria,
mguu mmoja huku, mmoja huku, kama gunia la nazi,
na fundo la leso lenye mchango wangu mwenyewe
likafunguliwa na msichana wa ndoo,
maana mimi fundo siliwezi.

Mkwakwani tuligawiwa maji.
Chupa mpya, baridi, mia mbili na zaidi,
vifuniko vimekazwa na mashine ya kiwandani.
Jua la saa nne.
Tukakaa nazo mapajani, safu kwa safu.
Hakuna aliyesema.
Mzee mmoja aliyekata mkonge miaka ishirini
alijaribu kwa meno, akaangalia pembeni.
Ndipo nilipoanza kucheka, na jirani yangu akacheka,
na safu nzima, machozi yakatutoka.

Mtoto wa bendi akaiweka ngoma chini.
Hakuitwa. Alianza safu ya mbele,
anafungua, anarudisha, anafungua.
Jukwaani mgeni rasmi alikuwa anasema
juu ya uelewa wa jamii.
Tak.
Tak.
Mtoto alikuwa amefika safu ya tatu.
Mimi nilikuwa ya saba.